Kabla Mkandarasi Hajaleta Nondo: Jinsi Daraja la Barabara na la Reli Linavyopangwa

Ukitoka Chalinze kwenda Segera utavuka Mto Wami juu ya daraja jipya, na ukitupa jicho bondeni utaliona la zamani. Hilo la zamani ni la mwaka 1959. Halifiki mita 100, lilipitisha gari moja moja, na ili kulifikia dereva alishuka mteremko mkali wenye kona kisha akapanda tena upande wa pili. Jipya, lililoanza kutumika 2022, linazidi mita 500. Mto haukupanuka. Waliojenga la kwanza walitafuta mahali mto ulipo mwembamba wakaishusha barabara huko; waliojenga la pili waliiacha barabara ipite juu, wakakubali kulipia zege jingi zaidi ili malori yasiendelee kukosa breki kwenye kona zile.

Uamuzi wa namna hiyo hufanyika mezani na kwenye matope ya mtoni, miaka kadhaa kabla lori la kwanza la kokoto halijafika. Huo ndio wakati neno la mwananchi lina uzito. Mkataba ukishasainiwa, kusogeza nguzo mita kumi tu huleta gharama mpya, michoro mipya na pengine kesi. Makala haya ni kwa diwani, mwenyekiti wa kijiji, mwenye malori, mwanafunzi wa ufundi na mkazi yeyote aliyesikia kwamba daraja linakuja kwao na anataka kujua aulize nini, na amuulize nani.

Pa kuvukia

Kazi huanza na upembuzi yakinifu. Wataalamu huhesabu magari, bodaboda, baiskeli na waendao kwa miguu, hukadiria wataongezeka kiasi gani, kisha hulinganisha njia zote za kuvuka: kivuko, drifti, kalvati, daraja. Usishangae kijiji kikiomba daraja kikapewa drifti, yaani sakafu ya zege inayolazwa chini ya mto ili maji yapite juu yake wakati wa masika. Kwa barabara yenye magari machache na mto unaojaa saa chache tu kwa mwaka, drifti iliyojengwa vizuri ni afadhali kuliko daraja dogo la fedha za kuungaunga. Haifai pale maji yanapokaa juu kwa siku nyingi, au pale watoto wanapovuka kwenda shule. Hilo lisemwe mapema kwenye mkutano, kwa sababu vijana wanaotumwa kuhesabu magari barabarani mara nyingi huja kiangazi, na kiangazi kila mto ni mpole.

Mahali pazuri ni pale mto uliponyooka, kingo zikiwa ngumu na hazina historia ya kuhama. Kwenye kona mto hula ukingo wa nje na kuacha mchanga upande wa ndani, hata nguzo iliyosimikwa nchi kavu hujikuta katikati ya mkondo baada ya masika kadhaa. Wenyeji hujua mto ulipita wapi zamani. Shamba linaloitwa "mto mkavu" lina habari ambayo ramani haina.

Wakati mwingine hakuna mahali pembamba pa kukimbilia. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na limewaondoa wasafiri wa Sengerema na Geita kwenye foleni ya kivuko. Mradi wa ukubwa huo huja na swali la nani atalipa. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye mita 680, lilijengwa kwa fedha za NSSF na serikali, na tangu lifunguliwe 2016 magari hulipia kuvuka. Kama daraja lenu litakuwa la kulipia, mna haki ya kuambiwa kabla, pamoja na kiwango na nani atasamehewa. Fidia ya mashamba, nyumba na makaburi nayo hutathminiwa katika hatua hii hii, kwa hiyo mwenye hati, risiti au mashahidi wa mipaka awe navyo tayari.

Maji

Ukimsikiliza mhandisi mzoefu wa madaraja utamkuta anazungumza habari za mto kuliko za zege. Ana sababu. Mafuriko na kuchimbuliwa kwa misingi huangusha madaraja mengi zaidi kuliko uzito wa magari.

Maji yakikutana na nguzo hujikunja, hushuka chini mbele yake na kuzunguka pembeni kwa kasi yakichota mchanga ulioizunguka. Ukisimama ufukweni wimbi linaporudi, utausikia mchanga ukitoka chini ya visigino. Nguzo hupatwa na hilo hilo, ila shimo lake huweza kufika mita kadhaa. Lenye hila zaidi ni hili: shimo huwa refu kuliko wakati wowote mafuriko yanapofika kilele, halafu maji yanapopungua mto hulijaza tena mchanga laini. Anayekwenda kukagua keshoye huiona sakafu ya mto iko tambarare, wala hajui kuwa mita mbili za juu hazishiki kitu. Aprili 5, 1987, daraja la barabara kuu juu ya mto Schoharie, jimbo la New York nchini Marekani, lilianguka baada ya msingi wa nguzo yake kuchimbuliwa na mafuriko, likaua watu 10. Msingi ule ulikuwa umelala juu juu ya udongo, na mawe makubwa yaliyowekwa kuulinda yalikuwa yamesombwa kwa miaka.

Ndiyo maana kabla ya kuchora chochote mtaalamu huagiza uchorongaji. Mtambo hutoboa ardhi mahali hasa kila nguzo itakaposimama na kutoa sampuli za udongo na mwamba. Mwamba ukiwa karibu, msingi hulazwa juu yake. Ukiwa mbali, huchimbwa mashimo membamba marefu ya kujazwa nondo na zege, au vyuma hugongwa kwenda chini, mpaka vifike kwenye tabaka gumu au vishikwe na udongo wa pembeni kwa kina cha kutosha hata kama mita za juu zitasombwa. Hapa ndipo fedha nyingi huzikwa pasipoonekana. Ukisikia mradi ambao visima vya uchunguzi vilichimbwa ukingo mmoja tu "ili kubana matumizi", huo ni mradi wa kuuliza maswali. Ardhi ya upande wa pili haina wajibu wa kufanana na ya huku.

Kisha huja hesabu ya mafuriko. Daraja kubwa mara nyingi husanifiwa kwa kile kinachoitwa mafuriko ya miaka 100. Jina hilo limepotosha wengi, wakiwamo viongozi wanaosema, "Yalishakuja mwaka juzi, sasa hadi karne ijayo." Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko ya kiwango hicho kufikiwa au kupitwa. Yakija mwaka huu, mwakani uwezekano ni ule ule. Katika miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26; katika miaka 100 ni kama asilimia 63. Daraja linalokusudiwa kuishi karne nzima basi litegemee kukutana nayo.

Ili kupata kiwango hicho, mtaalamu huhitaji rekodi za mvua na za kina cha mto za miaka mingi, na mito mingi midogo ya kwetu haina kipimo hata kimoja. Pengo hilo huzibwa kwa hesabu za eneo linalokusanya maji, aina ya udongo, mteremko, na kwa ushahidi wa watu. Mkiitwa, msiseme tu "maji yalikuwa mengi sana". Onyesheni alama: ukuta wa msikiti au shule uliobaki na mstari wa tope, mti uliokwamisha takataka, hatua ya ngazi iliyozama. Tajeni mwaka kwa tukio linalojulikana, kwa mfano El Nino ya 1997 na 1998. Alama moja iliyopimwa na mpima ramani huweza kuinua daraja zima nusu mita.

Kosa ambalo nimelichukia kuliko yote ni la kuubana mto. Daraja ni ghali kwa kila mita na tuta la udongo ni rahisi, hivyo kuna kishawishi cha kurefusha matuta na kufupisha daraja. Mafuriko yakija, tuta hugeuka bwawa. Maji hupanda upande wa juu na kuzamisha nyumba ambazo hazikuwahi kuzama, na yanayopita kwenye uwazi mdogo huongeza kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wa maji huwa mara nne. Mara nyingi kinachosombwa ni tuta au kalvati, si daraja lenyewe, ila kwa msafiri hakuna tofauti. Machi 2020 barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika Kiyegeya, wilayani Gairo, na njia ya kuelekea mikoa ya kati, ya ziwa na nchi za jirani ikafungwa na mvua za siku chache.

Kimo nacho kina sababu yake. Mto uliofurika hubeba magogo, vichaka na mapipa. Uwazi kati ya kilele cha mafuriko na tumbo la daraja huachwa makusudi ili takataka zipite, na kwa mto unaotoka msituni huo uwazi unapaswa kuzidi mita moja. Zikikwama, daraja linakuwa ukuta.

Kuna mito inayochimba na kuna mito inayojaza. Msimbazi jijini Dar es Salaam hujaza: mchanga na taka kutoka juu hupandisha sakafu ya mto pale Jangwani, kwa hiyo uwazi chini ya barabara huzidi kupungua mwaka baada ya mwaka, na kila mvua kubwa barabara hufungwa. Ikabidi kupangwa daraja jipya, refu na lililoinuliwa zaidi. Kwingine, wachimba mchanga wa ujenzi huchota karibu na nguzo hadi misingi ikabaki wazi. Mwenye tipa anaona mchanga tu pale. Msanifu aliuhesabu mchanga ule ule kuwa sehemu ya msingi.

Uzito

Mzigo mkubwa kabisa wa daraja la zege ni daraja lenyewe. Kipande cha mita 30 chenye upana wa mita 10 huweza kufika tani 400 na zaidi. Malori mawili yaliyojaa juu yake hayafiki tani 120. Hata hivyo malori ndiyo yanayosumbua, kwa kuwa uzito wa zege umetulia na unajulikana, ila wa lori hutegemea uaminifu wa aliyepakia.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote pamoja na shehena. Uzito wa kila ekseli nao una kikomo chake, na kwa daraja dogo huo ndio wa kuangalia. Daraja la mita 6 halilibebi lori zima kwa wakati mmoja. Hubeba ekseli mbili au tatu. Gari lenye uzito halali kwa jumla, lililopakiwa vibaya nyuma, linaweza kuvunja kipande ambacho gari refu zaidi na zito zaidi lingekipita salama. Wenye malori wanaoiona mizani kama usumbufu wa polisi walizingatie hilo.

Chuma kina udhaifu wa ziada: huchoka. Kila gari likipita, kiungo kilichochomelewa hupokea mkazo kisha huuachia, mara mamilioni. Mkazo huo ukiongezeka maradufu, maisha ya kiungo hubaki karibu moja ya nane. Ufa huanza mdogo usioonekana kwa macho, na hukua kwa miaka bila kelele.

Uzito mwingine huingia polepole na kwa idhini. Barabara ikichakaa huwekwa lami mpya juu ya ile ya zamani. Tabaka la sentimita 5 juu ya daraja la mita 100 lenye upana wa mita 10 ni karibu tani 120, na hizo haziondoki usiku kama malori. Agosti 1, 2007, daraja la chuma la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, liliporomoka na kuua watu 13. Wachunguzi walikuta kwamba bamba za chuma zinazounganisha mihimili zilichorwa nyembamba mno tangu mwanzo, daraja likaongezewa uzito kwa matengenezo ya miaka, na siku ile vifaa na malundo ya kokoto na mchanga vya ukarabati vilikuwa vimerundikwa juu yake. Lilikuwa limebeba magari miaka 40 na kosa lake likiwa ndani. Kwa hiyo ukiona mkandarasi amegeuza daraja linalotumika kuwa stoo ya kokoto, uliza nani aliyehesabu.

Zege au chuma

Wasomaji hupenda kuuliza lipi bora. Jibu hutegemea kwanza nafasi kati ya nguzo na nguzo. Chini ya mita 10 hivi, sakafu nene ya zege lenye nondo inatosha, au hata kalvati la boksi. Kufika mita 20 au 25 hutumika mihimili ya zege la kawaida. Kuanzia hapo hadi mita 40 na zaidi kidogo, inayotawala ni mihimili ya zege lililokazwa kwa nyaya: nyaya za chuma kigumu huvutwa kwa nguvu kubwa ndani ya muhimili na kulibana zege kabla halijabeba kitu. Zege hustahimili kubanwa, ila uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya huo. Likishabanwa mapema, uzito wa gari hupunguza ule mbano badala ya kulipasua. Ukivuka zaidi ya hapo unaingia kwenye mihimili ya boksi inayojengwa kipande kwa kipande kutoka nguzo pande zote mbili, mihimili ya chuma yenye sakafu ya zege juu, na madaraja ya kamba kama la Jinja juu ya Nile, lenye mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018 ili kuipumzisha njia ya juu ya bwawa la 1954.

Baada ya hapo huja mambo ya mahali. Saruji huzalishwa Tanga, Wazo, Mbeya na Mtwara, kokoto na mchanga vipo karibu, na mafundi wa zege hawapungui. Chuma kinene cha mihimili huagizwa nje na hutaka wachomeleaji waliofuzu. Kwa upande mwingine chuma ni chepesi ukilinganisha na nguvu yake, huipunguzia misingi mzigo, na kinaweza kuunganishwa kiwandani kikasukumwa juu ya bonde bila kujaza mto majukwaa. Daraja likisombwa leo na watu wanataka kupita wiki hii, hakuna kinachoshinda vipande vya chuma vya aina ya Bailey, vilivyobuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili: kila fremu ina urefu wa mita 3 hivi na watu sita huweza kuibeba. Kasoro yake ni kwamba daraja la dharura kwetu hugeuka la kudumu, na boliti zake huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wizi huo ni kigezo halali cha usanifu. Msanifu anayejua anakojenga hupendelea boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, au huchagua zege.

Kwa barabara za vijijini Tanzania, TARURA imerudisha pia madaraja ya mawe yenye matao, hasa Kigoma na mikoa yenye mawe mazuri. Tao la mawe halina nondo ya kuoza, gharama yake ni nafuu, na sehemu kubwa ya fedha hubaki kwa waashi na vibarua wa hapo hapo. Ningependa kuyaona mengi zaidi.

Pwani ni habari nyingine. Chumvi hupenya kwenye zege taratibu mpaka ifike kwenye nondo, na kutu ikianza huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, zege likapasuka kutoka ndani. Sehemu inayoumia zaidi si iliyozama muda wote. Ni ile inayolowa na kukauka kila maji yanapojaa na kupwa. Daraja kama Tanzanite, lililofunguliwa 2022 na kupita juu ya bahari kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco Beach, huhitaji zege zito lisilo na vitundu na unene wa sentimita 5 hadi 7.5 kati ya nondo na hewa. Fundi anayeacha nondo zikaribiane na ubao wa kufungia zege amelipunguzia daraja miaka mingi kwa kosa la sentimita mbili. Mchanga wa ufukweni na maji ya bahari havifai kabisa kwa zege lenye nondo.

Chuma kilichofichwa ndani ya zege kina ubaya mwingine: hakikaguliki. Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lililofunguliwa 1967, lilishikiliwa na nyaya zilizofunikwa kwa zege. Lilianguka Agosti 14, 2018 na kuua watu 43. Msanifu wa leo anapaswa kuonyesha kwenye michoro mkaguzi atapita wapi, atashika nini, na kila kamba itabadilishwaje bila kufunga daraja zima.

Reli haisamehe

Daraja la reli hufanana na la barabara kwa mbali tu. Ekseli ya lori hubeba kama tani 10. Reli ya kisasa ya Tanzania imesanifiwa kwa tani 35 kwa ekseli, na ya Mombasa hadi Nairobi kwa tani 25, ekseli zikifuatana behewa kwa behewa daraja zima. Treni ikifunga breki, msukumo wake huenda kwa urefu wa daraja na kutaka kuziangusha nguzo mbele, kwa hiyo nguzo za reli huwa nene kuliko jicho linavyotarajia.

Gari likikuta daraja limepinda kidogo huruka bampu na kuendelea. Treni haiwezi. Reli ikishuka katikati au upande mmoja ukiinama kuliko wa pili, magurudumu huanza kuacha njia. Kwa hiyo la reli hupimwa kwa ugumu wake kabla ya nguvu zake: litadidimia milimita ngapi treni ikipita kwa kilomita 160 kwa saa, na litatikisika namna gani?

Halafu kuna mlima. Barabara inaweza kupanda mita 6 hadi 8 kwa kila mita 100; treni ya mizigo hutaabika ikizidi mita 2. Ndiyo sababu reli hukata vilima, hujaza mabonde na kupita juu ya nguzo kwa masafa ambayo barabara ingeshuka tu na kupanda. Daraja la reli mpya ya Kenya kule Tsavo lina karibu kilomita 2, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi reli hiyo hupita juu ya nguzo kwa kilomita 6 hivi, chini yake wakipita twiga na faru. Wanyama ni sehemu ya hesabu, sawa na ng'ombe wa wafugaji: uwazi usiotosha kundi la ng'ombe utalipeleka kundi hilo relini.

Mpangaji hushawishika pia kuunganisha barabara na reli kwenye daraja moja. Congo ilifanya hivyo Matadi, ambako daraja la kuning'inia lililokamilika 1983 lilisanifiwa kubeba magari juu na reli chini. Reli iliyokusudiwa kufika baharini haikujengwa, magari yakabaki peke yake. Sisemi ilikuwa fedha ya bure. Ninasema anayelipia uwezo wa kesho aandike kesho hiyo inategemea mradi gani na nani ameuahidi.

Jua nalo lina hesabu yake. Daraja la chuma la mita 100 hurefuka na kufupika sentimita 3 na nusu hivi joto likibadilika nyuzi 30. Maungio yenye uwazi kwenye sakafu na pedi za mpira juu ya nguzo huwekwa ili liweze kusogea. Maungio yakijaa mchanga au yakizibwa kwa lami na fundi asiyeelewa, daraja hujisukumia kwenye kuta zake.

Wakati wa ujenzi

Daraja huwa dhaifu kuliko wakati wowote likiwa nusu. Mihimili haijafungwa pamoja, zege bichi lina uzito wote bila nguvu yoyote, na mzigo uko upande mmoja. Juni 2017 daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia, kaunti ya Busia nchini Kenya, liliporomoka likiwa bado linajengwa. Kwa hiyo mpangilio wa kumwaga zege, kipande gani kianze na kipi kifuate, huwa kwenye michoro kama ilivyo idadi ya nondo. Msimamizi asikubali kuubadilisha kwa sababu ya mvua au sikukuu.

Mkazi hana haki ya kuingia eneo la ujenzi bila kofia na ruhusa, lakini kuna mambo yanaonekana hata kutoka barabarani. Zege huchukuliwa sampuli kila linapomwagwa, hutiwa kwenye vyombo vya mchemraba na kupondwa maabara, hasa baada ya siku 28. Zege lililomwagwa hufunikwa magunia na kumwagiwa maji angalau wiki nzima. Likiachwa juani siku ya pili, hilo ni la kuripoti. Kibarua anayeongeza ndoo ya maji kwenye mchanganyiko ili ulainike anapunguza nguvu yake. Bango la mradi linapaswa kutaja mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri na muda wa kazi. Lisipokuwepo, muulize mtendaji.

Baada ya utepe

Bajeti ya matengenezo hupata makofi machache, na kazi zake ni ndogo ndogo: kuzibua mifereji ya sakafu, kung'oa mti unaoota kwenye ufa, kupiga rangi chuma kabla kutu haijaota, kurudisha mawe kuzunguka nguzo, kubadilisha pedi za mpira. Mti mdogo wa mkuyu kwenye kiungo cha zege hufanya kazi usiku na mchana.

Jihadhari na ishara hizi: kingo zilizokuwa zimenyooka zimeinama, kuna ngazi mpya kati ya barabara na daraja, gari likiruka pale pale kila siku, ufa uliopanuka tangu mwezi uliopita, michirizi ya kutu kwenye tumbo la zege, msingi uliokuwa umefunikwa sasa unaonekana. Baada ya mafuriko makubwa usiwe wa kwanza kuvuka kwa sababu tu sakafu iko kavu; subiri wakaguzi wapime kina kuzunguka nguzo, maana mchanga uliorudi shimoni haubebi. Na maji yakiwa bado yanapita juu ya daraja au drifti, hakuna dereva awezaye kuona kama sakafu ipo.

Taarifa yenye manufaa hutaja jina la mto na barabara, kijiji kilicho karibu, umeona nini, tangu lini, na huambatana na picha mbili: moja ya karibu yenye kitu cha kulinganishia ukubwa, nyingine ya mbali inayoonyesha daraja zima. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa zipelekwe kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, za wilaya, vijiji na mitaa kwa meneja wa TARURA. Kenya, barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, za mijini KURA, za vijijini KeRRA, na nyingine nyingi ziko chini ya serikali ya kaunti. Ikiwa hujui ni ya nani, mpe mtendaji au chifu kwa maandishi na ubaki na nakala. Daraja la reli likiwa na kasoro usianze na barua: piga simu au kimbia kituo cha karibu kwanza ili treni zizuiwe pande zote mbili, kwa kuwa treni ya mizigo iliyokwisha kuliona daraja lililokatika inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama.